Kukirudisha Chungu Motoni

Chungu kimetoka salama jokoni. Kimesimama mezani, chekundu kinachoelekea rangi ya machungwa, hakina ufa, na ngozi yake inang'aa ingawa hakijapakwa vanishi wala dawa yoyote ya kung'arisha. Kazi ya majuma mengi imefika, na moto umeridhia. Mfinyanzi mwingine angemshukuru Mungu na kukifunga kwa kitambaa. Magdalene Odundo hukaa akikitazama, na akiona kwamba umbo lile linadai weusi, hukirudisha jokoni na kuwasha upya, huku akijua fika kwamba chungu kilichovuka moto wa kwanza kinaweza kufia katika moto wa pili.

Kila ninapojaribu kueleza kwa nini mwanamke huyu, mzaliwa wa Nairobi, ni mmoja wa wafinyanzi wakubwa kabisa walio hai duniani, huanzia hapo. Wengi huusifu urembo wa vyungu vyake, na urembo upo, hauna ubishi. Kinachonishika zaidi ni ule moyo wa kukubali kukipoteza kitu ambacho tayari ni kizuri. Moyo huo haueleweki mpaka mtu aifuate kazi yenyewe, tangu udongo ukiwa bado tope.

Odundo alizaliwa mwaka 1950. Alisoma nchini India na Kenya, kisha akajifunza uchoraji wa kibiashara, ule wa matangazo na mabango, huko Kabete. Mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendeleza fani hiyohiyo katika mji wa Cambridge. Hakuna katika mwanzo huo dalili ya mtu atakayezeeka na udongo mikononi. Bango la biashara hutakiwa kesho asubuhi; mteja anasubiri, mpiga chapa anasubiri. Huko Cambridge, binti aliyekuwa akifunzwa kutoa picha kwa kesho alikutana na kazi ambayo haimpi mtu chochote kesho wala keshokutwa, na akaichagua.

Njia yake ilipita mbali kabla ya kurudi karibu na nyumbani. Mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alikuwa ameanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950. (Abuja hiyo siyo mji mkuu wa leo, ni mji ambao sasa unaitwa Suleja.) Cardew alikusudia kuwafundisha watu kutumia gurudumu la mfinyanzi na kuoka vyombo kwa moto mkali. Lakini mwaka 1954 alijiunga na kituo hicho mwanamke wa Kigwari, Ladi Kwali, ambaye alikuwa fundi tayari kabla ya kituo kujengwa, na jina lake likaja kuvuma kuliko la kituo chenyewe. Odundo alifika huko mwaka 1974, akiwa mwanafunzi, akakaa na kutazama.

Alichokiona kinafaa kuelezwa taratibu. Mwanamke wa Kigwari hakizungushi chungu, hukizunguka yeye. Udongo umekaa palepale juu ya kitu imara, naye anatembea kwa kurudi nyuma, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiuvuta ukuta wa udongo upande juu kwa kila mzunguko. Mwili wake wote ndio gurudumu. Miguu inapima mduara, kiuno kinasawazisha, macho hayaondoki kwenye ukingo. Mtu asiyejua anaweza kudhani anacheza ngoma. Kumbe anapima. Unene wa ukuta unasomwa na vidole vya ndani vikisikilizana na vidole vya nje, na hakuna rula inayoweza kufanya kazi hiyo. Leo picha ya Ladi Kwali ipo nyuma ya noti ya naira 20, heshima ambayo wafinyanzi wachache sana duniani wamewahi kupewa na nchi zao.

Safari hizo zilimfikisha pia kwa wafinyanzi wa kwao Kenya, akatazama kwa macho mapya kazi ya kina mama iliyokuwepo muda wote. Baadaye alikwenda New Mexico, Marekani, katika kijiji cha Wahindi Wekundu cha San Ildefonso, alikoishi Maria Martinez (1887–1980), yule aliyevifanya vyungu vyeusi vya kung'aa vya watu wake vijulikane ulimwenguni. Huko moto hufunikwa kwa samadi kavu ukiwa umepamba, ukakosa hewa, na moshi mzito ukaingia katika udongo. Nigeria, Kenya, New Mexico: mabara mawili, na karibu kila mahali mwalimu ni mwanamke mtu mzima aliyejifunza kwa mama yake au shangazi yake. Odundo alipata shahada yake ya kwanza huko Farnham, Uingereza, mwaka 1976, na baadaye akasoma katika chuo cha Royal College of Art, London. Vyeti hivyo ni vizito. Hata hivyo nikikiangalia chungu chake, ninaona zaidi nyayo za wale kina mama.

Sasa tuje kwenye kazi.

Yeye hatumii gurudumu. Huanza na donge la udongo, akalitoboa katikati na kulivuta juu mpaka apate kitako na mwanzo wa tumbo. Juu ya hapo huongeza kamba za udongo, duara juu ya duara, akizibana na kuzifuta alama mpaka mahali pa kuungana pasionekane tena. Ukuta ukishapanda, huukwangua kwa kipande cha kibuyu, ndani na nje, ukawa mwembamba na wenye unene ulio sawa. Kipande cha kibuyu ni chombo kizuri ajabu kwa kazi hii, kwa sababu kina mpindo wake wa asili unaolala vizuri ndani ya tumbo la chungu, nacho hakigharimu kitu.

Tuna methali isemayo udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kwa anayelea mtoto. Kwa anayefinyanga chungu kirefu, ni nusu tu ya ukweli. Udongo ulio maji hauwezi kubeba uzito wake. Ukiongeza kamba ya tano juu ya ukuta mbichi, tumbo linafutuka, linakaa chini, na kazi ya asubuhi inageuka uji. Ukiuacha ukauke kupita kiasi, kamba mpya haishiki. Itaonekana imeshika, itakaa hivyo mpaka siku ya kukauka kabisa, kisha itaachia na kuchora ufa mwembamba kuzunguka shingo nzima. Kati ya hali hizo mbili pana saa chache tu ambamo udongo una nguvu za kubeba na bado una ulaini wa kupokea. Saa hizo haziko kwenye ukuta wa karakana. Zinategemea kama mvua imenyesha, kama dirisha liko wazi, kama upande mmoja wa chungu umeelekea mlango na upepo unaukausha kabla ya mwenzake.

Hapa ndipo madhila ya kila siku yanapoingia, yale ambayo hayaandikwi katika vitabu vya sanaa. Mgeni anabisha hodi, unasimama kumpokea, ukirudi ukingo umekauka. Kikao kinachelewa kwisha, na kitambaa kibichi ulichofunikia chungu kimekauka nacho. Odundo alifundisha kwa muda mrefu wa maisha yake: katika Commonwealth Institute ya London tangu 1976 hadi 1979, kisha Royal College of Art, na tangu 1997 huko Surrey, ambako mwaka 2001 alifanywa profesa wa ufinyanzi. Kila mwalimu anajua maana ya ratiba hiyo. Chungu hakijui kama una wanafunzi wa kusahihisha. Kikitaka kuguswa leo jioni, kinataka leo jioni.

Na hata ukiwahi kila saa, udongo unasinyaa. Maji yanapotoka, punje za udongo husogeleana, na chungu kizima hupungua kimo na upana. Kama kitako ni kinene na bega ni jembamba, bega litakauka na kusinyaa kwanza huku kitako bado kimelowa, na mvutano huo ndio unaozaa ufa. Ndiyo maana ule ukwanguaji kwa kibuyu, unaoonekana kama urembo wa ziada, ndio uhai wa chungu. Anayetazama kwa nje huona wepesi wa umbo. Fundi anajua kwamba ukuta ulio sawa pande zote ndio utakaokauka sawa na kuingia motoni ukiwa na amani.

Nimesikia watu wakisema kwamba subira ni tabia: mtu huzaliwa nayo au hakuzaliwa nayo. Kazi hii inanifanya niamini kinyume chake. Subira ya mfinyanzi ni ufundi kama ufundi mwingine, na hufunzwa kwa mikono. Ni kujua lini usiguse. Ni kuweka plastiki juu ya ukingo na kuacha tumbo wazi, ili chini pawahi kukauka huku juu pakisubiri. Odundo anayo kwa sababu ameifanyia mazoezi kwa karibu nusu karne, na kila chungu kimemfunza tena.

Chungu kikiwa kigumu kama ngozi iliyokaushwa nusu, huanza usuguaji. Odundo hupaka juu yake uji mwepesi sana wa udongo uliochujwa. Udongo huo huchanganywa na maji mengi na kuachwa utulie, punje nzito zikazama, na zile laini kabisa zikabaki zikielea. Hizo ndizo zinazotumika. Wagiriki na Warumi wa kale walitumia uji wa namna hii kwenye vyombo vyao, na mabaki yake bado yanang'aa katika majumba ya makumbusho. Kisha huja mawe laini na vifaa vingine vya kusugulia, na mkono unapita na kupita, sentimita kwa sentimita, kuzunguka chungu chote. Punje za udongo zina umbo la vibamba. Zikisuguliwa hulala chali, moja juu ya mwenzake, na uso wote ukawa unarudisha mwanga. Hakuna vanishi iliyopakwa kung'arisha. Mng'ao ule ni udongo uliolazwa vizuri.

Kazi hiyo inachosha kwa namna ya pekee, kwa sababu haina pa kujificha. Ukisugua mapema, jiwe linachimba mfereji. Ukichelewa, linakwaruza na kuacha weupe wa vumbi. Ukiruka kipande kidogo kama ukucha, moto utakitangaza: kitatoka jokoni kikiwa kimefubaa katikati ya uso unaomeremeta. Mara nyingi hurudia: hupaka uji, husugua, huacha, hupaka tena, husugua tena.

Halafu moto. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo kila kitu kinapoamuliwa.

Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji. Joto likipita nyuzi 100 kabla maji hayo hayajatoka yote, yanageuka mvuke ndani ya ukuta, na mvuke hauna subira. Chungu hupasuka kwa mlio, na vigae vyake huweza kuvijeruhi vyungu vilivyo jirani. Kwa hiyo moto huanza kwa upole. Baadaye, kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, hutoka maji ya aina nyingine, yale yaliyofungamana na udongo wenyewe tangu ulipoumbika ardhini. Yakishatoka, udongo haurudi kuwa tope tena hata ukiulaza mtoni. Karibu na nyuzi 573 mchanga uliomo ndani ya udongo hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hujikunja ghafla vilevile. Fundi mwenye haraka ya kufungua joko hupoteza hapo chungu ambacho kilikwisha vuka yote. Na zipo nyuzi za juu pia za kuogopwa: joto likipita 1,000 kwa mbali, vile vibamba vilivyolazwa kwa jiwe huanza kuvurugika na mng'ao hufifia.

Rangi nayo ni suala la hewa. Udongo huu una madini ya chuma. Moto wenye hewa ya kutosha hukiacha chuma kichukue oksijeni, na chungu kinatoka chekundu, rangi ya machungwa, mara nyingine rangi ya asali. Odundo akitaka weusi, hukiweka chungu ndani ya chombo kingine kilichozibwa, pamoja na vitu vya kuungua kama vipande vya mbao. Moto uliobanwa ukakosa hewa hutafuta oksijeni popote, na hukinyang'anya chuma kilichomo katika udongo. Wekundu unakufa, moshi unaingia katika vinyweleo, na chungu kinatoka cheusi kama kaa. Kati ya rangi hizo mbili zipo nyingine zisizoagizwa: doa la machungwa begani pa chungu cheusi, wingu la shaba shingoni, ukingo uliobaki na mng'ao wa chuma kilichokunwa. Mahali moshi ulipopita haraka na mahali ulipotulia panaonekana milele.

Hizo ndizo zawadi za moto, na pia ndizo hasara zake. Mawingu hayo yanaweza kulitia umbo uhai au kuliharibu. Yakiliharibu, Odundo haridhiki kwa kuwa tu chungu ni kizima. Hukirudisha. Kipo chungu kinachookwa mara mbili, na kipo kinachookwa zaidi ya hapo, na kila safari ina nyuzi zilezile 573 za kuvuka kwenda na kurudi. Wapo wasanii wanaoogopa kuharibu kazi nzuri, na hofu yao ni ya haki kabisa. Anachokifanya Odundo kinadai jambo jingine: kutokuwa na deni kwa saa alizokwisha kuzitumia. Kazi ya mwezi mzima haimshawishi kukikubali chungu ambacho jicho lake limekikataa.

Ndiyo maana vyungu vyake si vingi. Na ndiyo maana vinasimama vile.

Hebu nijaribu kulieleza umbo, ingawa picha ingefanya hivyo vizuri zaidi. Kitako ni chembamba kuliko mtu anavyotarajia, hivi kwamba chungu kinaonekana kimegusa meza kwa ncha za vidole. Tumbo limejaa. Shingo inapanda, wakati mwingine ikiinama kidogo nyuma, kisha mdomo unafunguka mpana, ukakatwa kwa mshazari. Huwezi kukitazama bila kumwona mtu: mwanamke mjamzito aliyesimama wima, au mwenye shingo ndefu anayegeuka kumtazama aliyemwita. Zile shingo na vichwa vilivyoinama nyuma vinakumbusha mitindo ya nywele ya wanawake wa Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambayo Odundo ameitazama kwa makini. Mara nyingine kuna vinundu vidogo begani au chini ya shingo, kama chuchu au kitovu. Hakuna maua, hakuna michoro, hakuna maandishi. Na ukikizunguka utagundua kwamba upande wa kushoto haulingani kabisa na wa kulia. Gurudumu lingezilinganisha pande hizo. Mkono umeacha tofauti ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayokufanya uhisi kwamba chungu kinapumua.

Karibu vyote havina jina. Ameviacha bila kichwa cha habari, na mimi naona ni sawa. Mtu anayehitaji kuambiwa cha kuona hapo hatakiona hata akiambiwa.

Wengine hulalamika kwamba amerudia maumbo machache kwa maisha yake yote. Lalamiko hilo linatoka kwa wasiofinyanga. Anayerudia tumbo lilelile na shingo ileile kwa miongo minne anajua kwamba nusu sentimita begani hubadili mwenendo wa chungu chote, kama vile upana wa bega unavyobadili kanzu. Yeye huchora mno pia, penseli na wino, mistari ya miili na ya vyungu ikifanana mpaka hujui ipi ni ipi. Anatafuta jambo moja, na halijaisha.

Hata hivyo aliwahi kuondoka kwenye udongo, na safari hiyo inanifurahisha kwa kuwa ilimtoa katika kila alichokuwa amekimudu. Alivutiwa na pambo dogo la sikio la kioo kutoka Misri ya kale, akaamua kutengeneza kazi ya kioo. Kioo ni kinyume cha udongo karibu katika kila jambo. Udongo unangoja, kioo kilichoyeyuka kina sekunde tu kabla hakijaganda. Udongo unaweza kufinyangwa na mtu mmoja ndani ya chumba kimya. Kioo kinapulizwa na watu walio zamu mbele ya tanuri, wakipokezana bomba. Odundo, aliyezoea kwamba vidole vyake ndivyo vinavyoamua, ilimbidi aeleze kwa maneno na kwa michoro kile anachokitaka, na pumzi ya mtu mwingine ikifanye. Alishirikiana na mpuliza kioo James Maskrey huko Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Ikazaliwa kazi ya vipande 1,001, vyote vya asili moja na hakuna viwili vinavyolingana sawasawa, vikining'inia hewani kama kundi la ndege. Kufikia hapo alikuwa na sifa na umri wa kutosha kukaa kitako. Akakubali kuwa mwanafunzi tena.

Mwaka 2019 jumba la Hepworth Wakefield liliandaa maonyesho yake makubwa, zaidi ya kazi 50, zikiwa zimepangwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka nchi na nyakati mbalimbali, vikiwemo vya wachongaji wa Ulaya kama Rodin na Degas. Baadaye maonyesho hayo yakahamia Norwich. Heshima nyingine zilikuja zenyewe: mwaka 2018 alisimikwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa Bunifu nchini Uingereza, na mwaka 2020 akapewa na ufalme wa nchi hiyo cheo cha Dame. Vyungu vyake vimo katika British Museum, na mnadani vimewahi kufikia mamia ya maelfu ya pauni.

Bei hizo hunifanya niwafikirie wenzake. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na bado ni hali halisi kwa kina mama wengi wenye ufundi huu kwetu. Kandokando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu vyembamba, vyepesi, vyenye mdomo safi, na kuvipakia katika mitumbwi kuelekea Matema kuviuza. Magharibi mwa Kenya, wanawake wa Kijaluo bado hufinyanga mitungi ya maji na vyungu vya mboga. Hawana joko la gesi wala kipimajoto. Wanapanga vyungu chini, wanavifunika kwa nyasi, kuni na samadi, wanawasha, na ndani ya muda mfupi wanajua kilichopona na kilichokufa. Mvua ikija ghafla, hasara. Upepo ukigeuka, hasara. Njiani mtumbwi ukiyumba, hasara. Kisha sokoni wanashindana na sufuria za alumini na ndoo za plastiki, na mteja anawaambia kwamba ni udongo tu, wapunguze.

Madhila yao na ya Odundo yana asili moja. Ufa ni uleule, mvuke ni uleule, nyuzi 573 ni zilezile pale Farnham na pale Ikombe. Kilichomtofautisha yeye ni kwamba alipata nafasi ya kukataa: kukitazama chungu kizima na kusema bado, bila watoto kulala njaa usiku ule. Nafasi hiyo ni adimu, naye ameitumia yote. Sijaona msanii wa Afrika Mashariki aliyeitumia vizuri zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji. Ukifika Matema, au soko la Kisumu, au popote utakapomkuta mama amepanga vyungu juu ya majani makavu, kishike kimoja kwa mikono miwili. Pitisha kidole ndani ya ukingo ujue unene wake, kigonge kwa kifundo usikie mlio, tafuta wingu jeusi ambapo moshi ulitua. Muulize vilivyopasuka safari hii ni vingapi. Kisha mlipe bei aliyoitaja.